Staringi asiyekufa na mshumaa wa Heather: uchambuzi wa kisa cha Highlander

Kwenye vibanda umiza vya miaka ya tisini kulikuwa na kanuni moja ambayo hakuna aliyehitaji kuelezwa: staringi hafi. Apigwe risasi, atupwe kutoka ghorofani, afungiwe kwenye nyumba inayoungua, mwisho wa picha atasimama tu. Ndiyo maana sijaisahau siku nilipoiona Highlander kwa mara ya kwanza, mtaani kwetu Tanga, kwenye kanda ya VHS iliyochakaa mpaka rangi nyekundu ilikuwa ikivuja pembeni mwa kioo. Jamaa aliyekuwa akitutafsiria alitutangazia mapema kwamba huyu staringi, safari hii kweli kabisa, hafi. Tukashangilia. Karibu saa mbili baadaye adui alikuwa ameshakatwa kichwa, radi zimeshatulia, na staringi kapewa tuzo aliyoihangaikia karne nne na nusu. Na tuzo yenyewe ikawa ni hii: kuanzia sasa atazeeka na kufa kama sisi. Kijana mmoja wa benchi la nyuma akauliza kwa sauti, na wala hakuwa anatania, "Sasa kashinda nini?"

Nimelibeba swali hilo miaka yote hii. Naamini ndilo linaloeleza kwa nini filamu iliyozama majumba ya sinema mwaka 1986 ingali hai, ilhali nyingi zilizoipita kwa mapato mwaka uleule hakuna anayezitaja. Watu husema ni panga. Wengine husema ni muziki, na wana sehemu ya haki, nitafika huko. Mimi nasema ni msiba. Highlander ilichukua furaha kubwa kuliko zote za mtazamaji, ile ya staringi hafi, ikaigeuza kuwa kilio.

Mwaka ilipozama

Ilitoka Marekani tarehe 7 Machi 1986. Bajeti yake hutajwa kuwa kati ya dola milioni 16 na 19. Marekani ikaingiza chini ya milioni 6, na dunia nzima jumla ikafika karibu milioni 13. Kwa hesabu za biashara ya sinema hiyo ni hasara tupu. Ulaya mambo yalikuwa na nafuu, hasa Ufaransa, ambako Christopher Lambert, staringi wake, alikuwa ametoka tu kupewa tuzo ya César kwa kazi yake katika Subway.

Kilichoiokoa ni kanda. Filamu ambayo watu hawakuifuata sinema ilianza kuwafuata wao majumbani, ikakodishwa na kurekodiwa, kaka akamwonyesha mdogo wake. Kufikia mwaka 1992 ilikuwa na wapenzi wa kutosha kuzaa tamthilia ya televisheni iliyodumu misimu sita, vipindi 119, hadi mwaka 1998. Zikafuata filamu nyingine kadhaa, katuni, vitabu. Na sasa Chad Stahelski, yule mwongozaji wa John Wick, amepewa kazi ya kuitengeneza upya akiwa na Henry Cavill. Hakuna anayefukua filamu iliyokufa. Hii haikufa.

Kwa wasioiona, kwa ufupi. Connor MacLeod anazaliwa mwaka 1518 milimani Uskoti. Mwaka 1536, katika vita vya koo, anachomwa upanga na jitu liitwalo Kurgan. Jeraha ni la kufa, naye hafi. Ndugu zake wanaona ni uchawi na wanamfukuza kijijini, hata mchumba wake akiwa miongoni mwa wanaopiga kelele. Mwaka 1541 anajiwa na Ramírez, aliyejaa manyoya na lulu, ambaye anamfundisha yeye ni nani: ni mmoja wa wachache wasiokufa isipokuwa kwa kukatwa kichwa, na wanaowindana wao kwa wao mpaka abaki mmoja. Kwenye ardhi takatifu hawapigani. Hawazai. Filamu inaruka huku na huko kati ya Uskoti ya kale na New York ya mwaka 1985, ambako MacLeod anauza vitu vya kale kwa jina la kubuni na wa mwisho wao wanakutana kumalizana.

Ni kanuni chache tu. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuzirudia zote bila kukosea, na nina hakika hilo nalo lilisaidia, kwa sababu mchezo ambao kanuni zake zinaingia kichwani mara moja ndio unaochezwa uani kesho yake. Sisi tulicheza na mabua.

Mzimamoto aliyetazama mavazi ya vita

Mbegu ya hadithi ni ya Gregory Widen, mzimamoto aliyekuwa akisomea uandishi wa filamu chuo kikuu cha UCLA. Alikuwa ametembea Uskoti, kisha London akasimama mbele ya mavazi ya chuma na silaha zilizohifadhiwa katika Mnara wa London. Hapo akajiuliza: vipi kama vyote hivi vingekuwa vya mtu mmoja? Kama angekuwa amevivaa mwenyewe, vita baada ya vita, na leo anamtembeza mgeni akimwonyesha?

Ukilichunguza wazo hilo utaona kwamba halikuanza na mpiganaji. Lilianza na mtu aliyebaki na vitu vya marehemu. Kila aliyewahi kufungua sanduku la marehemu baada ya arobaini anakijua kitu hicho: kanzu iliyokunjwa, saa iliyosimama, kila kimoja na habari yake, na msimulizi ni mmoja tu. Ndiyo kazi ya MacLeod pale New York. Watu wanaona duka la vitu vya kale. Kwake ni sanduku hilo.

Katika rasimu ya kwanza ya Widen wasiokufa waliweza kuzaa, na MacLeod alikuwa amezika watoto wake. Rasimu ilipopita mikononi mwa waandishi Peter Bellwood na Larry Ferguson watoto wakaondolewa. Mara ya kwanza niliposoma hilo niliona wameharibu. Nimebadili mawazo. Mtu anayezika wanawe ana uchungu mkubwa, lakini ana ukoo; kuna mjukuu mahali fulani mwenye pua yake. Walipomnyima watoto walimnyima na mtu wa kumzika, na ndipo ile tuzo ya mwisho, kuweza kuzaa na kuzeeka, ikapata uzito wake wote.

Kaburi lililochimbwa na mtu mmoja

Sasa Heather. Beatie Edney anamwigiza, na kama ningetakiwa kuchagua dakika chache za filamu hii za kuokoa kutoka motoni, ningezichukua zake.

MacLeod amefukuzwa kwao, anaishi Glencoe katika mnara wa mawe, anafua chuma, na ana mke anayempenda. Ramírez akifika na kuwaona wawili hawa wanavyocheka, hamfundishi upanga tu. Anamsihi amwache. Anamweleza kwamba yeye mwenyewe ameishi miaka 2437 na kuoa wake watatu, kwamba wa mwisho aliitwa Shakiko, binti wa Japani, na kwamba alipokufa yeye Ramírez alivunjika. Hataki mwanafunzi wake apitie huko. (Upanga wake, anasema, ulifuliwa na baba wa Shakiko, Masamune, mwaka 593 kabla ya Kristo. Masamune wa kweli alifua panga zake karne ya 13 na ya 14 baada ya Kristo. Halinisumbui hata kidogo.)

MacLeod anakataa. Haondoki. Na tunachoonyeshwa baada ya hapo ni ndoa inayopita kama mto: wanakimbia mteremkoni, wanacheka, kisha nywele za Heather zinaanza kufifia, kisha mgongo wake unainama, na mwanamume aliye kando yake ni kijana yuleyule wa juzi. Hakuna adui katika sehemu hii. Hakuna upanga. Heather anakufa mikononi mwake akiwa kikongwe, na kabla hajakata roho anamwomba kitu kimoja: kila siku yangu ya kuzaliwa ikifika, niwashie mshumaa unikumbuke.

Kisha anamzika. Peke yake. Sijui mtazamaji wa Los Angeles aliona nini hapo, lakini mimi nilikulia mahali ambapo mtu akifariki usiku, alfajiri wanaume wa mtaa wameshafika na majembe na wanawake wameshaketi ndani, na mfiwa haachiwi hata ndoo ya maji aibebe. Kuona mtu anachimba kaburi la mkewe bila jirani hata mmoja wa kupokezana naye, bila dua ya mwingine isipokuwa yake, kulinishtua kuliko kichwa chochote kilichokatwa. Anausimika upanga wake wa ukoo kaburini uwe alama, anaiteketeza nyumba, anaondoka na upanga wa Ramírez. Kibandani siku ile, jamaa wa kutafsiri alinyamaza. Hakuna aliyemdai aseme.

Pwani yetu ina mpiganaji wake ambaye chuma hakikumwingia. Fumo Liyongo hakudhurika kwa mkuki wala mshale. Siri yake ilikuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma nayo akiwa usingizini ni mwanawe mwenyewe. Akatoka amejikaza hadi kisimani, akapiga goti, akauvuta upinde, akafa vilevile, na watu wa mji wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai, mpaka mama yake alipokwenda kumbembeleza siku baada ya siku, hatimaye mwili ukaanguka. Nimeziweka hadithi hizi mbili ubavu kwa ubavu mara nyingi. Liyongo alisalitiwa na damu yake, lakini ana mama wa kumlilia kisimani, ana mji uliomwogopa na kumwimba, na Kipini bado huonyesha kaburi lake. MacLeod hana hata huyo wa kumsaliti. Kati yao wawili, mwenye bahati ni aliyekufa.

Ahadi ya mshumaa inarudi New York. MacLeod yumo kanisani, karne zimepita, bado anawasha. Kurgan anaingia na kuketi karibu naye, kwa kuwa hapo ni ardhi takatifu na hawawezi kugusana, na katika kujigamba kwake juu ya usiku aliomuua Ramírez anataja mwanamke aliyemkuta pale na alichomfanyia. Uso wa MacLeod unamwambia Kurgan mwanamke yule alikuwa nani. Ndipo naye MacLeod anajua jambo ambalo Heather aliishi nalo hadi uzee bila kumwambia. Karne zote hizo alidhani anamkumbuka mkewe mzima mzima, kumbe kuna chumba hakuwahi kuingia. Filamu nyingi za panga zingemfanya arukie koo la mtu hapohapo. Hii inamzuia kwa kanuni yake yenyewe, anakaa na maumivu yake mbele ya mishumaa.

Rafiki ambaye ingebidi amuue

Kuna mhusika mmoja ambaye wachambuzi humpita haraka, nami nitasimama kwake. Ni Kastagir, aliyeigizwa na Hugh Quarshie, mzaliwa wa Accra, Ghana. Anakutana na MacLeod darajani New York, wanakumbatiana na kunywa pamoja, wanakumbushana asubuhi moja ya mwaka 1783 huko Boston ambapo MacLeod, mlevi chakari, alipigana na bwana mmoja aliyejiona ametukanwa, akachomwa upanga mara baada ya mara na kila mara akainuka, mpaka akaomba radhi na kwenda zake. Sinema nzima hucheka hapo, na kicheko hicho kinahitajika.

Lakini wafikirie hao wawili pale darajani. Wanapendana. Na wote wanajua kanuni: atabaki mmoja. Kama Kurgan angekufa kwanza, ingebidi siku moja wasimame hawa, baada ya karne za urafiki, na mmoja akate kichwa cha mwenzake. Hawasemi neno juu ya hilo. Wanapokezana chupa. Kurgan anamuua Kastagir kichochoroni baadaye, na wazo linalonijia kila ninapoitazama ni kwamba adui amemwondolea MacLeod mzigo ambao asingeweza kuubeba. Filamu haikulisema hilo, lakini imelijenga, na watu wanaoirudia mara kumi wanalikuta mara ya nne au ya tano.

Jinsi muda unavyoonekana

Russell Mulcahy, mwongozaji, alikuwa Mwaustralia aliyejijengea jina kwa video za muziki. Video ya kwanza kabisa kurushwa na MTV, kituo cha televisheni cha muziki, tarehe 1 Agosti 1981, ilikuwa yake. Wakosoaji wa 1986 walimshutumu kwa hilo hasa: moshi mwingi, taa za buluu nyuma ya kila mtu, kamera isiyotulia. Nadhani walikosea mahali pamoja muhimu.

Filamu inafunguka kwenye mieleka. Hadithi inasema ni Madison Square Garden, ingawa ilipigwa New Jersey. Awali walitaka mchezo wa magongo wa barafuni, wenye ligi wakakataa. Kamera inaruka juu ya maelfu wanaopiga mayowe mpaka inampata mtu mmoja ambaye hashangilii. Anashuka maegesho ya magari, anapigana, anaua. Kisha kamera inapanda, inatoboa dari la zege, na inapotokea juu tuko Uskoti, mwaka 1536, mbele ya ngome ya Eilean Donan. Mahali pengine MacLeod anatazama samaki katika tangi lake la kioo nyumbani. Kamera inapanda ndani ya maji, na inapochomoza ni ziwa la Uskoti, yeye na Ramírez wamo mtumbwini.

Hakuna giza katikati, hakuna maandishi ya kusema "miaka mia nne iliyopita". Jana ipo palepale, juu ya dari, chini ya maji. Yeyote aliyefiwa anajua kumbukumbu huja hivyohivyo: harufu ya sabuni sokoni, na ghafla umesimama jikoni kwa bibi. Huo ufundi wa video za nyimbo ndio uliowapa watazamaji hisia ya kuishi na wafu, bila mtu yeyote kuhutubia.

Wingi wa mandhari umepigwa Uskoti kwenyewe, na milima ile ina kazi. Glencoe haizeeki. MacLeod anafanana na mlima kuliko anavyofanana na mkewe.

Macho ya Lambert, wiki ya Connery

Lambert alizaliwa New York, akakulia Geneva, lugha yake ni Kifaransa, na Kiingereza chake wakati huo kilikuwa kichanga. Kumpa nafasi ya Mskoti kulionekana kichekesho, zaidi pale Sean Connery, Mskoti hasa, alipopewa kuwa Ramírez, Mmisri mwenye jina la Kihispania. Lakini sikiliza lafudhi ya MacLeod akiwa New York: haina kwao. Mtu aliyeishi kila mahali kwa miaka mia nne atasikika wa wapi? Halafu macho. Lambert haoni mbali, na hawezi kuvaa lenzi za machoni, kwa hiyo alipovua miwani mbele ya kamera sehemu kubwa ya dunia ilikuwa ukungu kwake. Yale mapigano ya panga alikuwa akiyafanya hivyo. Na lile tazamo ambalo watu hulisifia, kana kwamba anamwona mtu aliye nyuma yako, lilitokea humo.

Connery alilipwa dola milioni moja kwa siku saba za kazi. Sauti yake ya utangulizi alijirekodi bafuni nyumbani kwake Hispania, na mwangwi wa vigae ndio unaousikia. Siku saba, lakini baada ya Ramírez kufa pengo lake linakaa ndani ya filamu hadi mwisho, na hilo ni sifa kwa Lambert kama lilivyo kwake.

Clancy Brown ni Kurgan, na ni mmoja wa maadui bora wa miaka ile kwa sababu anafurahia. Naye hafi, naye hana mtu, na hajali hata chembe. Ramírez kabla ya kufa alimkata koo, akamwachia kovu na sauti ya mikwaruzo. Kila akizungumza, unasikia pigo la mwisho la mwalimu.

Nisifiche mapungufu. Brenda, mtaalamu wa maabara ya polisi anayempenda MacLeod New York, hakuandikwa vya kutosha. Anapewa shauku yake ya panga za kale halafu anageuzwa mtu wa kutekwa ili aokolewe. Polisi ni wa kuchorwa tu. Mwisho wa pambano lililoanzia paani, penye bango kubwa la Silvercup, nyaya zinazomnyanyua Lambert zinaonekana wazi. Na unyama aliofanyiwa Heather unatumika kumuumiza mumewe bila yeye kupewa sentensi moja ya kuueleza. Hilo la mwisho linaniuma, na kadiri ninavyokua linaniuma zaidi.

Mkasi wa Marekani, na filamu ya pili

Kama hoja ya msiba ni ya kweli, basi kuuondoa msiba kungepaswa kuidhuru filamu. Jaribio hilo lilishafanyika, na si mara moja.

Kopi ya Ulaya ina dakika 116. Ya Marekani ilikatwa hadi 110, na kilichotoka ni pamoja na tukio la Vita vya Pili vya Dunia: MacLeod anamkuta mtoto yatima, Rachel, akijificha, askari wa Kinazi anammiminia risasi, anainuka, na mtoto anashangaa amepona vipi. Anamjibu kwa maneno yaliyokuja kuwa jina la wimbo na la albamu, kwamba ni namna ya uchawi. Rachel huyo ndiye mama wa makamo anayemwendeshea ofisi mwaka 1985, aliyemlea kama binti na ambaye sasa anaonekana kumzidi umri. Watazamaji wa Marekani walimwona mama huyo akimwaga machozi anapoagwa, wala hawakujua analia nini. Wakapewa vichwa vyote vinavyokatwa, wakanyimwa binti. Nchi iliyopata kopi hiyo ndiyo iliyoikataa filamu. Sidai hiyo ndiyo sababu pekee, maana matangazo nayo yalikuwa dhaifu, lakini siwezi kuliacha bila kulitaja.

Kisha ikaja filamu ya pili, mwaka 1991, iliyopigwa Argentina katikati ya mfumuko wa bei uliowafanya wadhamini kuushika uzalishaji mikononi mwao. Humo tunaambiwa wasiokufa ni wageni kutoka sayari iitwayo Zeist. Mulcahy mwenyewe alitoka nje ya ukumbi siku ya uzinduzi. Wapenzi wa filamu wameilaani kwa sababu inapingana na ya kwanza, na ni kweli, ila mimi naona kosa la ndani zaidi. Ukishasema wana sayari yao, umeshawapa kwao. MacLeod alikuwa hana kwao, hilo ndilo lililokuwa jeraha lake.

Tamthilia ya televisheni ililielewa jambo hili. Duncan MacLeod, aliyeigizwa na Adrian Paul, alianza na mwanamke anayempenda, Tessa, na katika msimu wa pili Tessa akauawa mtaani na mhalifu wa kawaida mwenye bastola. Hakuna upanga, hakuna radi. Vipindi vilivyofuata vyote vina kivuli chake, na humo ndimo tamthilia ilipopata wafuasi walioipenda kwa moyo. Baadaye wakamleta Methos, mwenye miaka elfu tano, ambaye ameoa mara nyingi na bado anampenda mwanamke anayekaribia kufa. Ni jibu la ule ushauri wa Ramírez: huyu naye hakuufuata.

Kwa hiyo yule kijana wa benchi la nyuma, kashinda nini? Kashinda haki ya kuzeeka pamoja na mtu. Anarudi kwenye milima ya Uskoti na Brenda, anaweza kuitwa baba, na siku yake ikifika atakuwepo wa kushika jembe. Nilitamani kumjibu hivyo. Wakati huo nilikuwa sijafiwa na mtu, sikuwa na maneno.

Sauti kutoka Mji Mkongwe

Nimeuacha muziki mwisho kwa sababu kwetu una uzito wa pekee. Queen, bendi ya Uingereza, waliombwa wimbo mmoja tu. Walipoonyeshwa sehemu za filamu, kila mmoja akatoka na wimbo wake, na nyingi zikaingia kwenye albamu yao ya mwaka 1986, A Kind of Magic. Brian May, mpiga gitaa wao, aliguswa na kifo cha Heather, na wimbo wake, Who Wants to Live Forever, aliuanza ndani ya gari akirudi nyumbani. Jina lake ni swali: nani anataka kuishi milele? Michael Kamen, mtunzi wa muziki wa filamu, akaupangia vinanda vya okestra. Kwenye albamu May ndiye anayeanza kuimba. Ndani ya filamu, Heather anapozeeka, sauti ni ya Freddie Mercury, mwimbaji wao, mwanzo hadi mwisho.

Sauti hiyo ilizaliwa Unguja. Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Kiparsi, tarehe 5 Septemba 1946, Mji Mkongwe. Akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akarudi, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Kibandani kwetu Tanga, ng'ambo tu ya mkondo kutoka alikozaliwa, hakuna aliyelijua hilo siku ile. Tulimsikia mzungu analia vizuri.

Alipouimba alikuwa na miaka 39. Tarehe 23 Novemba 1991 aliutangazia ulimwengu kwamba ana UKIMWI, na kesho yake akafariki, akiwa na miaka 45. Tangu hapo wimbo ule hauwezi kusikika kama ulivyosikika mwanzo. Aliyeuliza swali amekwenda, na swali limebaki kwa wenzake.

Tarehe 20 Aprili 1992 wenzake hao, Brian May, Roger Taylor na John Deacon, walipanda jukwaani uwanja wa Wembley kumkumbuka. Zamu ya wimbo wa Heather ilipofika, mbele alisimama mwimbaji Seal, na wale watatu wakampigia.